Shore wa Kwao na Shore wa Kyebando

Kwetu, magharibi mwa Kenya, mke wa mtu hakai chumba kimoja na baba mkwe wake. Hampi mkono, hali chakula mbele yake, na akimwona anakuja njiani hupinda akapitia majanini. Sisemi ni vizuri wala vibaya. Nasema ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyoingia Kyebando, mtaa wa Kampala, siku ile nikiwa na godoro la baba mkwe wangu kichwani, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kulibeba.

Mume wangu ni polisi. Analala kambini Naguru, chumba kimoja na wenzake wawili, na huja nyumbani Jumapili asipopangiwa zamu. Baba yake alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na hospitali ilipomruhusu alihitajika mtu wa kuosha kidonda na kumshika asianguke. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alibaki kwao kaskazini mwa Uganda kuitunza nyumba ya mzee. Mimi nilikuwa na cherehani kwenye baraza ya duka moja kule Mengo, nashona sare za shule. Walikaa, wakazungumza, kisha wakaniuliza. Lazima niliandike hilo: waliniuliza. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na nafasi ya kukataa, lakini "ndiyo" ilitoka kinywani mwangu mwenyewe, hakuna aliyenishika taya.

Walisema miezi mitatu. Mwaka wa pili ulipoanza niliacha kuuliza.

Tulipanga vyumba viwili vyenye mlango katikati, na kwenye mlango huo nikatundika pazia. Mzee naye ana heshima zake, kwao pia mkwe ni mtu wa kuogopwa. Siku ya kwanza alikaa na kiu mpaka saa nane mchana bila kuniita. Hakujua aniiteje. Jina langu hawezi kulitaja, na kusema "wewe!" kwa sauti kubwa aliona ni kama kumfokea kuruta. Siku ya pili nikasikia mluzi upande wake: vipigo vifupi viwili, kimoja kirefu kinachovutwa, kisha vifupi viwili vinavyoshuka. Nilidhani ni ndege ameingia ndani. Mluzi ukarudi, na pazia likatikiswa kwa fimbo.

"Kuna nini, Baba?" nikauliza nikiwa upande wangu.

"Hii ni mimi," akasema. "Nikifanya hii, wewe unakuja. Nikinyamaza, usikuje."

Kiswahili chake ni cha jeshi na changu ni cha darasa la saba. Hatuna lugha nyingine ya kuzungumza. Lakini tulielewana, na kuanzia siku hiyo niliishi kwa mluzi ule. Maji, mluzi. Dawa, mluzi. Kukaa kitini, kurudi kitandani, mluzi. Nikiingia, yeye hugeuza uso ukutani, nami humshika nikitazama pembeni. Ukitutazama utadhani tumegombana. Hapana, ni adabu.

Ule mluzi ulikuwa wimbo wa shore wa kijijini kwao. Shore ni yule ndege mdogo wa rangi ya udongo, kichwa cheusi chenye kishungi, na chini ya mkia manjano kama amekalia kiini cha yai. Yuko kila mahali. Kwetu yuko, Kampala yuko, kwao yuko. Sikuwahi kufikiri kwamba anaimba tofauti hapa na pale. Ndege ni ndege.

"Hapana," mzee akasema nilipomwambia hivyo. "Sikia hiyo ya nje."

Nje, kwenye mti wa ovakado wa jirani, shore alikuwa anaimba. Nikasikiliza kwa makini kwa mara ya kwanza. Vinne, na cha mwisho kinapanda.

"Hiyo ya Kyebando inamaliza juu," mzee akasema. "Kama mtu anauliza njia. Ya kwetu inamaliza chini. Ya kwetu inajua iko wapi."

Nilicheka nyuma ya pazia. Naye nikamsikia anacheka.

Jeshini alikuwa mtu wa redio. Wenzake walikaa na bunduki, yeye alikaa na vyombo masikioni akipokea ujumbe wa vipigo, kifupi, kirefu, kifupi, na kuuandika. Sikio lake lilibaki hivyo. Alikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza nyuma, na kwa kalamu yangu ya daftari akaandika Kyebando: nukta, nukta, mstari, kisha mstari mwingine uliopinda juu. Chini yake akaandika kwao. Chini yake akaandika Gulu, kwa sababu alitumikia kambini Gulu miaka sita na shore wa kambi alimjua kama anavyoijua kengele ya chakula. Wa Gulu ana vinne, viwili vya mwisho vinafuatana haraka, kama mtu anagonga mlango.

Halafu akataka kujua wa kwingine, na wa kutoka nje nilikuwa mimi.

Safari zangu zilikuwa mbili tu. Jumapili mume wangu akiwapo nilikwenda Mengo, kuona kama nafasi yangu ya barazani bado ipo. Na mara moja kwa wiki nilikwenda Naguru kuchukua dawa za mzee, jirani yetu mwenye ule mti wa ovakado akikubali kumwangalia. Jirani ni mama wa Kiganda, mchangamfu, lakini alikuwa na kipimo chake: sufuria moja ya maharagwe. Maharagwe yakiiva, niwe nimerudi. Nilipanda na kushuka vilima mbio mbio nikisikiliza miti ya watu. Nikirudi, kabla sijavua viatu, nilisikia sauti nyuma ya pazia: "Haya, Mkenya. Ya Mengo inaimba je?"

Hapo palikuwa na taabu. Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Hata msichana mdogo hukanywa. Na mimi nipige, mbele ya baba mkwe! Mara ya kwanza nilijaribu kumweleza kwa maneno, juu, chini, juu, akakasirika: "Unanisomea habari? Piga!" Nikafunika uso kwa leso, ingawa pazia lilikuwepo, nikapiga. Akanirudishia vilevile. Nikasahihisha. Akaandika. Mengo, nyuma ya ukuta wa hospitali, karibu sawa na Kyebando ila kimoja kimeongezwa katikati. Naguru kwenye miti ya kambi, mwisho haupandi wala haushuki. Kwetu nilimpa kutoka kichwani, wa utotoni, na sina hakika nilimpa sawasawa. Nilimwambia aweke alama ya kuuliza, akaweka.

"Banange, nnyabo! Jamani, bibi!" jirani alinipigia kelele siku moja juu ya ua. "Nyumba yako ni steseni? Huyu anapiga firimbi huku, huyu anajibu huku. Treni inafika saa ngapi?"

"Imechelewa, mama," nikamjibu.

Nisije nikaandika kana kwamba tulikuwa na furaha. Siku nyingi hatukuwa nayo. Kuna siku nilisikia mluzi nikiwa na mikono ndani ya unga, nikasimama tu, nikahesabu mpaka ishirini kabla ya kwenda, kwa ubaya tu, ili ajue. Akaomba maji tu. Kuna siku nilikaa kwenye kizingiti cha geti, nimeweka miguu nje na makalio ndani, nikifikiri nikiinuka sasa nitembee mpaka wapi. Na yeye pia alikuwa amefungwa, tena kuliko mimi. Mimi nilikuwa na Naguru na Mengo. Yeye alikuwa na ukuta.

Lakini mwisho ulikuwa unaonekana. Mume wangu alikuwa ameahidiwa likizo kabla ya shule kufunguliwa, na gari la kumpeleka mzee kwao lilikuwa limeshaombwa. Kijiji chao kiko mbele ya Gulu, upande wa mbuga ya wanyama. Shemeji alisema kwenye simu, kila tulipompigia: nyumba iko sawa, paa liko sawa, mke wake atamwangalia mzee. Mzee alitaka nyumbani. Hilo alilisema mwenyewe bila kufundishwa. Na mimi nilitaka Mengo. Mama anayesimamia ile baraza aliniambia, "Nafasi yako nitakushikia mpaka shule zikaribie kufunguliwa. Sare hazingojei mtu." Kwa hiyo nikisema nilimpangia mzee nguo sandukuni kwa mapenzi, niseme pia kwamba nilizipanga wiki tano kabla ya safari.

Kosa la simu lilikuwa langu. Mzee alikuwa amekonda, hataki kula, na nilifikiri akimsikia shore wa kwao atapata hamu ya chakula. Pia nilifikiri, na hili sikumwambia mtu, kwamba mume wangu akimwona baba yake analia kwa hamu ya nyumbani, likizo ile haitaahirishwa tena. Nikampigia shemeji nikamwomba: asubuhi, kabla jua halijawa kali, toka nje ya nyumba, urekodi ndege, unitumie.

Akatuma siku ya pili. Asante, nikamwandikia, umefanya jambo kubwa.

Nikaiweka simu juu ya kiti karibu na pazia, nikabonyeza. Shore akaimba. Mwingine akajibu, na wa tatu. Mzee alisikiliza mpaka ikaisha.

"Tena," akasema.

Nikarudia. Nikasikia kidole chake kinagonga mkono wa kiti. Ta, ta, halafu tata haraka. Akagonga tena hivyo hivyo.

"Hii umetoa wapi?"

"Shemeji ametuma. Ni ya nyumbani, Baba. Amerekodi jana, nje ya nyumba."

"Hii ni ya Gulu."

Nikasema labda simu imeharibu sauti. Nikasema labda shore mmoja wa Gulu alipotea akafika huko. Nilikuwa namtetea shemeji, lakini nadhani zaidi nilikuwa natetea baraza yangu.

"Moja inaweza kupotea," mzee akasema. "Hapa ziko tatu, zinajibizana, na zote zinaongea Gulu. Angalia kalenda."

Sikutaka kuangalia. Niliangalia. Kalenda ilikuwa imetundikwa msumarini tangu kabla ya mimi kumwomba shemeji kitu chochote, na mstari wa Gulu ulikuwa pale kwa mkono wake: viwili, na viwili vinavyofuatana. Nikaweka simu sikioni nikafuata kwa kidole. Nukta kwa nukta.

"Mpigie," akasema. "Weka sauti nje."

Shemeji akapokea kwa lugha yao. Mzee akamkatiza. "Kiswahili. Mke wa ndugu yako yuko hapa, asikie."

"Sawa, Baba. Habari ya huko?"

"Uko wapi?"

"Niko nyumbani, Baba."

"Ndege yako nimesikia. Ulikaa wapi?"

"Hapo nje tu. Chini ya mti."

"Mti gani?"

Akasita. "Mkwaju."

"Mkwaju ya njia ya kambi," mzee akasema. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka. "Pale karibu na geti. Mimi nilikaa chini yake miaka sita. Hiyo ndege naijua, na baba yake naijua."

Pikipiki ikapita upande wa shemeji, halafu nyingine, halafu mtu akatangaza bei ya nyanya kwa spika. Shemeji akaanza kusema kwa lugha yao, haraka.

"Kiswahili," mzee akasema.

"Baba, ndovu waliingia," akasema. "Mara ya kwanza walikula muhogo. Mara ya pili walisukuma ghala, na watoto walikuwa ndani ya nyumba, hatua kumi. Mke wangu akakataa kulala huko. Tumehamia mjini tangu mwaka jana. Nilikuwa naenda kuangalia. Halafu nikaacha."

"Paa?"

"Sijui, Baba. Sijaona tangu mvua."

"Sawa," mzee akasema, na akanipa ishara kwa fimbo kwamba nikate.

Nimemfikiria shemeji sana. Nilimkasirikia siku mbili, nikamtukana ndani ya daftari hili kwa maneno ambayo ukurasa wake baadaye niliuchana. Lakini mimi sijawahi kusikia ndovu akisukuma ghala usiku nikiwa na watoto. Na kila nilipompigia simu nilimuuliza, "Nyumba iko sawa, si ndiyo?" Hilo si swali. Nilimtengenezea jibu, yeye akalisema.

Wiki hiyo hiyo, bila kuambiwa, alikwenda kijijini. Alipanda pikipiki mpaka barabara ilipoishia, akatembea, akalala kwa watu, asubuhi akarekodi. Picha alimtumia mume wangu. Mimi sikuiona na mzee hakuiomba. Kwangu alituma sauti tu.

Nikaiweka simu pale pale. Vifupi viwili, kirefu kimoja, viwili vinashuka. Hata mimi nilimjua. Mluzi ule nilikuwa nimeutumikia mwaka mzima na zaidi, na sasa nilikuwa namsikia mwenyewe mwenye nao. Nikangoja mzee aseme ni yeye.

"Ongeza sauti," akasema.

Nikaongeza mpaka mwisho. Shore akaimba tena.

"Sikia nyuma."

"Nyuma hakuna kitu, Baba."

"Ndiyo. Sikia."

Nikasikiliza. Upepo kwenye nyasi ndefu. Shore. Nyasi.

"Hiyo ni asubuhi," mzee akasema. "Kuku hakuna. Mchi hakuna. Hakuna mtu hata wa kukohoa. Ndege iko sawa kabisa." Akagonga pazia kwa fimbo. "Zima. Unamaliza chaji."

Jumapili mume wangu alikuja, akakaa na kofia yake gotini. "Baba, tutajenga," akasema. Mzee akajibu, "Mtajenga," kama unavyomkubalia mtoto aliyesema atakuwa rubani. Likizo alipewa, akaitumia kulala. Alikuwa amechoka kweli, hata nyayo zilikuwa zimevimba kwa kusimama. Uani aliniambia, "Pole."

"Pole ya nini?"

"Sijui. Pole tu."

Nikampigia mama wa Mengo. Kumbe alikuwa amenishikia nafasi wiki moja zaidi ya alivyoahidi. Sasa kuna msichana ameweka cherehani yake pale, sare zimeshaanza. Nikamwambia nimeelewa. Cherehani yangu iko chini ya kitanda, imefunikwa nailoni, na usiku nikinyoosha mguu kidole kinagusa gurudumu lake. Nguo za mzee nilianza kuzitoa sandukuni, shati moja moja, siku moja moja, nikitumaini haoni.

Baada ya hapo hakupiga mluzi tena. Alitikisa pazia kwa fimbo. Kalenda aliniambia niitoe, nikaikunja nikaitia ndani ya daftari hili, iko hapa.

Kama wiki mbili zilipita hivyo. Asubuhi moja nilikuwa uani nafua, na shore wa ovakado akaanza. Vinne, cha mwisho juu. Nilikuwa na hasira naye siku hizo, nikiri, hasira za kipumbavu, za kumkasirikia ndege. Akaimba tena. Nikakamua shuka kwa nguvu zaidi. Akaimba mara ya tatu, karibu sana.

"Nnyabo," jirani akasema juu ya ua. Hakuwa anacheka. "Hiyo haikutoka kwa mti."

Niliacha shuka lidondoke kwenye udongo. Mzee alikuwa sakafuni kati ya kitanda na kiti, ameketi wima, mgongo umeegemea kitanda, kikombe kimepinduka, suruali imelowa. Alikuwa ametulia kama mtu anayengoja gari.

"Nimekuita," akasema.

"Sikusikia, Baba."

"Nimekuita mara tatu. Nimepiga ya hapa."

"Nilifikiri ni ndege."

"Basi nimejifunza vizuri," akasema.

Nikampitishia mikono kwapani. Akageuza uso ukutani, nikageuza wangu mlangoni, tukainuka pamoja, naye akaketi kitini. Kidonda kilikuwa salama. Nikaleta suruali kavu, nikarudi nyuma ya pazia mpaka akamaliza, nikaenda nikapiga deki.

"Baba," nikasema nikiwa nimeinama na tambara. "Usitumie ya hapa. Nitakuchanganya na ndege, siku nyingine utaumia. Tumia ile ya kwenu. Ile naijua hata nikiwa bombani, hata nikiwa kwa jirani."

Akaivuta fimbo yake, akailaza mapajani. Nilifikiri nimemkosea, na labda nilimkosea.

"Ile ni ya nyumbani," akasema.

"Najua, Baba."

"Sasa itakuwa ya kukuita tu."

"Ndiyo. Ya kuniita tu."

Akalowesha midomo. Akapiga, mara moja, polepole, kama mtu anayejaribu chombo kilichokaa kabatini: viwili, kirefu, viwili vikashuka.

"Nimekuja," nikasema, ingawa sikuwa nimetoka.